Shikamoo ya Ukutani

Mikumi, 12 Mei 2025

Kaka Mwinshehe,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu nakujua. Barua isiyo na shikamoo ungeirudisha na Goodluck huyohuyo wa bodaboda aliyekuletea, tena na ujumbe mkali.

Mama Zuhura ameniambia simu hutaki tena. Anasema ikilia unaikodolea macho mpaka inyamaze, halafu unatoka nje. Basi nimetafuta karatasi. Mwandiko wangu ni uleule wa shule ya msingi Masanze, nilipokuwa naishi nyumba ya pili kutoka kwenu, kwa hiyo uvumilie.

Unajua nina kikundi cha sanaa hapa Mikumi. Tunacheza ngoma hotelini, wageni wanapiga picha, siku zinakwenda. Mwaka huu nimechoka kurukaruka. Nataka tutengeneze igizo la mtu aliyefungwa peke yake chumbani, mtu mmoja jukwaani mwanzo mpaka mwisho. Tatizo ni Vitalis, ndiye mwigizaji wangu. Yule hajawahi kukaa peke yake hata bafuni, humo anaimba na majirani wanaitikia. Nikimwambia akae kimya, anakaa kama mtu anayesubiri chai.

Wewe ulikaa. Kesi yenu ilipofutwa kwenye rufaa ukarudi, sote tulishangilia, hakuna aliyekuuliza neno. Sasa mimi nauliza. Mtu aliyefungiwa peke yake anafanya nini na mchana mzima? Jina lako sitalitaja popote. Na kama hutaki, sema hutaki, hatutagombana.

Mdogo wako wa jirani,
Regina

Masanze, 20 Mei 2025

Regina,

Marahaba. Umefanya vizuri kuanza na salamu, Goodluck alikuwa bado hajawasha pikipiki.

Simu siitaki kwa sababu ni sauti isiyo na uso. Nilizisikia za kutosha.

Mwambie Vitalis asitembee huku na huko. Kila anayeigiza mfungwa anatembea, anashika kichwa, anapiga ukuta ngumi. Mimi nilitembea siku za mwanzo tu. Baada ya hapo nililima. Nilikaa chini, nikafumba macho, nikaanza na kona ya shamba letu iliyo karibu na mfereji. Nilifyeka, nikatifua, nikapanda mpunga, nikapalilia, nikafukuza ndege. Nilipokaribia kuvuna nilijirudisha nyuma nikapalilia upya, maana nikivuna ningefanya nini tena? Afande simwoni uso, chakula kinasukumwa kwa chini, naona viatu. Niliwajua wote kwa viatu. Kuna mmoja kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimechoka kisigino, huyo alikuwa na roho nzuri.

Kama Vitalis anataka kujua tuliingiaje humo, ni mambo ya huku kwetu. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi yangu, tukapigana na wafugaji, tukakamatwa wengi, wa pande zote mbili. Hata gerezani tukaendelea kupigana. Ndipo wakatutenga mmojammoja. Gereza silitaji, ni mbali na huku na sitaki kulikumbuka.

Kuna jambo lingine la ukutani, hilo silisemi. Na igizo lenyewe sitakuja kulitazama, usiniwekee kiti.

Mwinshehe

Mikumi, 2 Juni 2025

Kaka Mwinshehe,

Shikamoo. Vitalis ameacha kutembea. Jana alilima mazoezini akiwa amekaa, macho amefumba, akafukuza ndege kwa mkono mmoja tu, na wenzake wote wakanyamaza. Sijawahi kuwaona watu wangu kimya namna ile. Ahsante sana.

Sasa nina neno, na hili si la igizo. Mama Zuhura amenipigia analia. Zuhura anaolewa Agosti, mkwe umempokea mwenyewe, halafu umemwambia kaka yako Mwinjuma asimame yeye kuwa walii wa ndoa. Kwa nini? Baba yupo hai, anatembea, analima, anakula, halafu binti anaozeshwa na baba mkubwa? Mimi Mkristo lakini nimeishi na nyinyi, najua hilo halifanyiki.

Kama ni aibu ya jela, iache. Mahakama imekusafisha. Watu wa Masanze wanakuheshimu kuliko zamani, kwa sababu umekonda na huongei sana. Zuhura anasema yeye hataki uwalii wa baba mkubwa, lakini hathubutu kukwambia. Nimethubutu mimi. Nikasirikie mimi.

Regina

Masanze, 9 Juni 2025

Regina,

Marahaba. Sikukasirikii. Ila barua hii isome ukiwa peke yako, na Mama Zuhura asijue.

Si aibu ya jela. Mle ndani chini ya ukuta palikuwa na tundu la maji. Asubuhi moja nilisikia mtu anakohoa, kikohozi kizito cha mtu mzima. Nililala kifudifudi nikasema, "Shikamoo, mzee wangu." Kimya. Nikarudia. Ikaja sauti ya kukwaruza: "Marahaba."

Nililia, Regina. Nilikuwa nimeshaanza kusahau kwamba naweza kuitikiwa.

Kwa lafudhi yake nilijua ni Mmasai. Ndio mimi huyo, niliyefungwa kwa kupigana na Wamasai, namwamkia Mmasai kila asubuhi. Alikuwa na maneno machache na mazito. Nilipokataa kula aliniambia nile, akasema mwili ni mnyama wako, usimnyime majani kwa sababu wewe una hasira. Nikala. Nilimweleza mambo ya nyumbani, akasikiliza. Wakati mwingine alikaa kimya muda mrefu kabla ya kunijibu, nami nikawa najiambia, wazee ndivyo walivyo, wanapima.

Halafu asubuhi moja nikamwamkia, asiitike. Na iliyofuata asiitike. Nikamuuliza yule afande wa kisigino kilichochoka, mzee wa chumba cha pili amepelekwa wapi? Kisha akasema kwa upole, chumba cha pili ni stoo, hakijawahi kulala mtu. Nikadhani ananificha, kwamba mzee amekufa. Lakini siku ya kutoka nilipita pale, mlango uko wazi. Majembe na makarai, mpaka juu.

Sasa niambie. Nani alikuwa ananiitikia? Kama ni mimi mwenyewe, basi akili yangu iliondoka mle na sijui kama imerudi. Walii sharti awe na akili timamu. Shehe hajaniuliza, wala hakuna wa kuniuliza. Lakini mimi najua. Nikimwozesha Zuhura kwa ulimi wa mtu aliyekuwa anajiamkia na kujiitikia mwenyewe, ndoa yake itakuwa ndoa gani? Siwezi kumpa mwanangu kitu chenye shaka. Mwinjuma akili zake anazo, ndogo lakini zimetulia.

Mama Zuhura anadhani simtaki mkwe. Mwache adhani hivyo. Ni afadhali kuliko kujua analala na mwendawazimu.

Sehemu hii ukiitaka kwa igizo ichukue, kwa sharti moja. Vitalis aseme shikamoo, na Vitalis huyohuyo aitikie marahaba. Usiweke mtu wa pili nyuma ya pazia. Watu waone ilivyokuwa.

Mwinshehe

Mikumi, 6 Julai 2025

Kaka Mwinshehe,

Shikamoo, na kaa chini. Kama uko shambani, kaa kwenye tuta.

Jana mchana tumeonyesha igizo, uwanjani nyuma ya soko. Tulikuwa na mabenchi na watu wengine wamesimama. Nilifanya kama ulivyotaka, ingawa moyo wangu ulikataa. Vitalis akalala kifudifudi, akasema "Shikamoo, mzee wangu." Akasubiri. Akarudia. Halafu akageuza kichwa upande wa pili, akakwaruza sauti, akajiitikia, "Marahaba."

Kijana mmoja wa Kimasai akasimama katikati ya watu. Shuka, rungu, redio ya upepo kiunoni, ni mlinzi wa nyumba ya wageni huku barabarani. Akasema kwa sauti, "Si kweli! Mzee hakujiitikia!"

Watu wakacheka, wakadhani ni sehemu ya igizo. Vitalis naye, nilishakueleza, hakuna kinachomsimamisha, akaendelea na asubuhi ya pili: shikamoo, marahaba. Yule kijana akapanda jukwaani kabisa, akamwinamia Vitalis, akamwambia, "Wewe usiitikie. Hiyo ni yangu." Ndipo akageuka akaona uwanja mzima unamtazama. Akashuka, akaondoka anakaribia kukimbia. Nikamfuata mbio, kanga mkononi, igizo nikamwachia Vitalis na Mungu.

Nilimkuta kwenye geti lake. Anaitwa Telele, kwao ni upande wa Lumuma. Kaka, alikuwa chumba cha tatu. Stoo ilikuwa katikati yenu! Mfereji wa maji unapita chini ya stoo, unatokea kwake. Afande hakukudanganya, na wewe hukujidanganya. Uliuliza chumba cha pili, naye akakujibu cha pili.

Najua utasema nimepata tapeli. Hata mimi niliogopa. Nikamwambia nithibitishie. Akafikiri, akaniuliza yeye swali: "Zuhura alifaulu mtihani?"

Jina la Zuhura halimo kwenye igizo. Wala mtihani haumo. Nilikaa chini pale getini nikalia, na wageni wakapita na mabegi yao.

Kulikuwa na mtu, kaka. Uliitikiwa na mtu.

Kuna jambo dogo la mwisho na sijui niliandikeje. Mzee wako ana ndevu tatu. Amemzidi Zuhura kwa miaka michache tu. Ile sauti ya uzee ilikuwa mafua na ukimya, hakuwa amesema na mtu kwa muda mrefu. Tangu nimemwambia kwamba uko hai na uko Masanze, hataki kunitazama usoni.

Regina

Masanze, 9 Julai 2025

Regina,

Marahaba. Mwambie alifaulu. Daraja la pili, na Kiswahili alipata A.

Mimi si mwendawazimu. Niache niandike tena, karatasi ni yangu: mimi si mwendawazimu.

Barua yako niliisoma nimesimama, sikuamini neno lako la kukaa. Nilipofika kwenye swali la mtihani nikakaa kwenye tope. Nikacheka mpaka Mama Zuhura akatoka na mwiko mkononi. Nimemwambia yote, tangu tundu la maji mpaka majembe. Alinisikiliza, kisha akanichapa begani kwa mwiko wenye uji. Amesema miezi yote hii alijua naficha kitu, akadhani nina mke mwingine. Sasa anaimba jikoni.

Jana usingizi ulinichukua bila kunipa taarifa. Nimeamka mwepesi, sijui nisemeje, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Hasira ilikuja baadaye, sikufichi. Mtoto wa jana, ananiitikia marahaba! Anakaa kimya, mimi nadhani anapima, kumbe kijana! Nilizunguka nyumba nikimgombeza peke yangu, na safari hii nilijua kwamba niko peke yangu.

Nimeenda kwa Mwinjuma kuchukua uwalii wangu. Alikuwa ameshashonesha kanzu. Amenuna, lakini atapona.

Ndoa ni Jumamosi tarehe tisa Agosti. Mlete huyo kijana.

Mwinshehe

Mikumi, 18 Julai 2025

Mzee Mwinshehe,

Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Nimeanza kurudisha. Sijui zilikuwa ngapi.

Mimi ni Telele. Niliishia darasa la saba, uniwie radhi kwa mwandiko. Dada Regina amesema unaniita harusini. Sitakuja, nami nataka ujue sababu.

Siku ile ya kwanza nilisikia mtu anasema shikamoo mzee wangu. Nikasubiri huyo mzee aitike. Nilidhani yuko mwingine. Hakuitika mtu. Ukarudia, na sauti yako ilikuwa ya mtu mkubwa na ilikuwa inatetemeka. Nikaona haiwezekani salamu ibaki chini namna ile. Nikaitika. Nilikuwa na nia ya kukwambia kesho yake kwamba mimi ni kijana. Kesho yake ukaanza kunieleza habari za nyumbani, nikaogopa. Nilisema moyoni, akijua mimi ni kijana ataona haya, ataacha kuongea, na mimi nitabaki na nani?

Kwetu kijana anamwinamishia kichwa mtu mzima, naye anakigusa. Ndiyo salamu yetu. Mimi niliacha mtu wa umri wa baba yangu aniinamie mpaka sakafuni, tena kila asubuhi. Na nikakuamrisha kula.

Yale maneno hayakuwa yangu. Yalikuwa ya babu yangu Saitabau. Ukiniuliza jambo nilitafuta babu angesema nini. Kama sikukumbuka nilinyamaza, wewe ukadhani napima.

Walinihamisha alfajiri, hukuwa umeamka. Sikuruhusiwa kuaga. Nilipopelekwa niliendelea kuangalia chini ya ukuta, hapakuwa na tundu.

Halafu kwenu ni Masanze. Ndugu zako wanatujua kwa mahindi yaliyoliwa. Ukimleta Mmasai kwenye harusi ya binti yako utawapa shida. Nimefurahi umetoka salama. Nimefurahi alifaulu. Inatosha.

Telele

Masanze, 22 Julai 2025

Mwanangu Telele,

Marahaba. Hiyo ni moja, na ndiyo ya mwisho ninayopokea kwa habari za kule. Zile nyingine zilikuwa zako. Nilimwamkia aliyekuwepo, na aliyekuwepo ni wewe. Ungeniambia ukweli, kwa ujinga wangu wa wakati ule ningeacha kuongea, umesema kweli. Nisingekula pia. Mshukuru babu yako, na ujishukuru wewe uliyemkumbuka.

Nilikugombeza sana wiki mbili zilizopita, hukusikia. Yamekwisha.

Sasa nisikilize. Ndoa yetu ina mashahidi wawili, sharti wawe Waislamu, nao tumeshawapata. Mimi namhitaji wa kwangu. Jumamosi ile nitasema mbele ya watu kwamba mimi, baba yake, kwa akili zangu timamu, namwozesha Zuhura. Shehe atanikubali, watu watanikubali. Lakini chini ya jua hili mtu anayejua kwamba akili zangu zilikuwa timamu mle ndani ni mmoja tu. Nataka nikisema maneno yale nimwone amekaa.

Ndugu zangu nimewaambia. Wamenung'unika, na wataendelea kunung'unika mpaka pilau iletwe. Mwinjuma amesema kama ni Mmasai alete rungu lake akae mlangoni alinde. Nimemwambia atakaa mbele, kwenye jamvi, karibu na mimi. Mama Zuhura amesema akisikia hukuja atakuja Mikumi na mwiko wake. Huo si mzaha, mwulize Regina.

Omba ruhusa kazini. Panda basi la kuja Kilosa, Goodluck atakusubiri stendi.

Baba yako,
Mwinshehe

Masanze, 11 Agosti 2025

Regina,

Marahaba ya shikamoo uliyotuma na Telele, na pole kwa kukosa. Najua Nanenane ya Morogoro, iliyoongezwa siku, haingoji mtu, na nimesikia Vitalis aliwaliza watu pale viwanjani. Nikueleze basi, maana wengine watakueleza vibaya.

Nimemwozesha. Nilisema maneno yote bila kukwama. Zuhura alikuwa chumbani na wanawake, nikasikia kigelegele cha mama yake kabla shehe hajamaliza dua. Mwinjuma alivaa kanzu yake mpya hata hivyo, akapendeza kuliko bwana harusi.

Telele alikuja. Alifika asubuhi, amevaa shati jeupe chini ya shuka. Nilitoka kumpokea mbele ya watu wote, akainamisha kichwa. Kwanza sikujua la kufanya, kisha nikakumbuka barua yake, nikakigusa. Wazee wangu wakatazamana.

Baada ya hapo ikawa taabu, Regina. Tulikaa kwenye jamvi moja, tukatazamana, na mimi sikumjua yule kijana. Sijawahi kuuona ule uso. Nikamuuliza safari ilikuwaje, akasema nzuri. Akaniuliza mvua, nikasema zilikuwa za wastani. Tukaishiwa. Huyu ndiye mtu ninayemjua kuliko ndugu zangu, na nilikuwa nahangaika kama niko na mkaguzi wa elimu. Yeye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nikaogopa kwamba ndiyo basi, kwamba kilichokuwepo kilikuwa cha kule tu.

Ndoa ilipopita, watu wakiwa wanasubiri chakula, akanyanyuka, akasema anatoka kidogo. Nilingoja nikaona harudi. Nikaingia chumbani kwangu kupumzika, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, upande wa nyuma ya nyumba. Nikasikia mtu anakohoa huko nje.

Alikuwa amekaa chini, mgongo wake kwenye ukuta uleule. Sijui kama alijua ni chumba changu. Nikasema, "Telele." Akasema, "Naam, mzee." Na hapo yakafunguka yote. Alinieleza ng'ombe wa baba yake waliouzwa kwa ajili ya kesi, na mwanamke anayemtaka huko kwao Lumuma, na ubaya wa kulinda geti la watu waliolala. Nikamweleza nilivyomtafuta. Nikamweleza majembe. Akacheka, na kicheko chake ni cha kijana kabisa, sijui niliwezaje kudanganyika. Tuliongea mpaka pilau ikaanza kunukia, Mama Zuhura akapita mlangoni, akaniona naongea na ukuta. Nikamwambia yuko mtu upande wa pili. Akatoka kwenda kuchungulia, akarudi, akasema, "Ni kweli, yupo." Akaendelea na shughuli zake.

Wakatuita tukale. Telele akasema kupitia ukuta, "Nenda mzee, wageni wanakungoja, mimi nipo hapahapa."

Nikataka kumjibu kama zamani, kwamba sawa, tutaongea kesho. Halafu nikaona mlango wa chumba changu uko wazi. Nimekaa humo tangu nirudi, sikuwahi kuufikiria ule mlango. Nikasimama, nikatoka, nikazunguka nyumba, nikamkuta, nikakaa chini kando yake. Tulikula hukohuko nyuma, sahani moja.

Mwinshehe